UZI: Vijiji vya kale vya Ufaransa kwa basi na miguu. Bonde la mto Lot, kutoka Cahors hadi Figeac

BintiChumbageni (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Kuna ndugu aliuliza kwenye uzi wa visa kama mtu anaweza kuiona Ufaransa ya mashambani bila kukodi gari. Nilianza kumjibu pale pale, jibu likawa refu, nikaona bora nifungue uzi.

Naishi Toulouse, mwaka wa tatu sasa, kazi yangu ni kuhudumia wazee. Leseni ya gari sina na wala sina haraka nayo. Nikipata mapumziko napanda treni kwenda Cahors, mwendo wa saa moja na ushei, kisha kuanzia hapo ni mabasi ya mkoa (yale yameandikwa liO ubavuni) na miguu yangu miwili. Zamani reli ilipita humo humo bondeni kando ya mto Lot. Treni za abiria zilipokoma, basi likarithi njia.

Nianze na ratiba, maana ndiyo iliyonitia adabu.

Basi la kijijini kule ni la mwanafunzi, mtalii anadandia tu. Linatoka alfajiri kupeleka watoto shule za mjini, jioni linawarudisha, na katikati hapo utapata moja au mawili ya wazee wanaokwenda sokoni na kwa daktari. Shule zikifungwa, mabasi yanapungua. Jumapili karibu hakuna kitu. Sikukuu usahau kabisa, na mwezi wa tano Wafaransa wana sikukuu mpaka zinakanyagana.

Sasa, kituoni pamebandikwa karatasi, na juu ya kila safu pana herufi za siku. L ni Jumatatu, J Alhamisi, V Ijumaa, S Jumamosi. Mtego uko kwa Jumanne na Jumatano, maana mardi na mercredi zote zinaanza na M. Jumatano huandikwa Me. Jumanne pengine Ma, pengine M peke yake. Mimi mara ya kwanza nikaona "LMJV", nikajisemea M si ndiyo mercredi, na leo si Jumatano? Nikakaa kituo cha Tour-de-Faure, chini ya kijiji cha Saint-Cirq-Lapopie, miguu imevimba, nasubiri basi la jioni. Ikafika saa kumi na mbili. Ikafika na nusu. Barabara imetulia mpaka nasikia mto.

Kumbe Jumatano shule nyingi zinaisha mchana, kwa hiyo basi la watoto lilishapita saa saba wakati mimi niko juu napiga picha milango ya watu.

Aliyeniokoa ni mama mmoja mwenye kigari cha mizigo kilichojaa masanduku ya matikiti, yale madogo yenye nyama ya rangi ya chungwa. Alisimama, akaniangalia, akaiangalia ile karatasi ya ratiba, akasema neno moja tu, "Mercredi!", akacheka mpaka akapaliwa. Alinishusha Cahors usiku unaingia, na tikiti moja nimelipakata mapajani.

Naendelea baadaye, nimeitwa kazini.

KitiChaMbele

Nimeshakaa. Leta na picha, uzi bila picha ni hadithi za kijiweni.

DerevaMstaafu

Binti, hongera kwa moyo. Lakini kwa nini ujitese? Mimi nimeendesha basi miaka 31, Mwanza–Dar, na nakwambia kutembea bila chombo chako ni kumtegemea mtu mwenye haraka zake. Kodi kigari, nenda unapotaka, rudi unapotaka. Mwezi wa tisa Mungu akipenda naenda kwa binti yangu Bordeaux, na nimeshamwambia atafute gari.

BintiChumbageni

Shikamoo mzee wangu. Sipingi, gari ni gari. Ila nikueleze tofauti niliyoiona kwa macho.

Saint-Cirq-Lapopie iko juu ya jabali, mita 100 hivi juu ya maji. Mwaka 2012 Wafaransa waliipigia kura kwenye televisheni ikatoka kijiji wanachokipenda kuliko vyote, na tangu hapo kiangazi watu wanafurika. Mwenye gari anaegesha kwa kulipia, anaingia na msururu, ananunua aisikrimu, anapiga picha ya mapaa, anarudi garini. Saa moja na nusu ameimaliza.

Mimi nashuka basi darajani karibu na Bouziès, nawapa barabara mgongo, nafuata mto. Ni kilomita tano hivi. Mahali pamoja jabali linadondoka wima ndani ya maji, hakuna ukingo wa kukanyaga. Karne ya 19 walilichonga jabali lenyewe, wakatoboa njia kando ya maji, ili mashua zivutwe kwa kamba. Mashua hizo zilikuwa zikishusha mvinyo na bidhaa nyingine kwenda upande wa Bordeaux, na kurudi juu dhidi ya mkondo ilibidi zivutwe na farasi au watu. Unapita humo, mwamba uko juu ya kichwa chako kama dari, bega moja linagusa jiwe, bega la pili liko juu ya maji ya kijani. Ukipapasa ukuta unasikia alama za patasi. Halafu ghafla chokaa inageuka samaki na makombe: mchongaji wa Toulouse, Daniel Monnier, aliuchora mwamba kipande kirefu, ukitembea unawaona samaki wanaogelea nawe. (Uliza kwanza ofisi ya utalii kama njia iko wazi. Mwamba ukimwaga mawe huifunga.)

Unatoka hapo unapanda kwa kijia cha mawe, jasho linatiririka, unaingia kijijini kwa chini, mlango waliotumia waliopanda kutoka mtoni na mizigo. Ndipo unaelewa kwa nini vichochoro ni vyembamba hivyo na kwa nini vinazunguka badala ya kunyooka: vilipimwa kwa punda. Wanaume wa pale walikuwa wachonga mbao kwa mashine ya miguu, wanatengeneza koki za mbao za mapipa ya mvinyo. Milango mipana yenye tao unayoiona chini ya nyumba ilikuwa karakana. Mwenye gari anaiona milango hiyo hiyo, anadhani ni gereji za zamani.

TausiWaPwani

Vichochoro vilivyopimwa kwa punda, kama umepita Lamu vile. Hao wa Lamu hawakuchonga koki, walichonga milango.

Mutu_ya_Lushi

Dada, jambo. Miye niko mutu ya Lubumbashi, naishi Limoges miaka saba. Naandika Kiswahili chenu pole pole, musinicheke.

Hiyo maneno ya herufi za ratiba ni kweli kabisa. Ongeza na hii: ukiona maandishi "période scolaire" hiyo safu ni ya siku za masomo tu. Wiki za likizo usiisubiri, utaota mizizi. Na kuna basi za kuitwa kwa simu: unapiga siku moja mbele, unasema unataka kiti, na inakuja, hata kama uko peke yako. Usipopiga, haiji. Wageni wanaona saa imeandikwa, wanakaa, hawajui ni ya kuita.

Huku kwetu pia kuna pa kwenda. Uzerche iko na gare (stesheni) yake, unashuka unapanda mji kwa miguu. Collonges-la-Rouge, nyumba zote za mawe mekundu, iko karibu na Brive. Ni hapo meya wake alianzisha 1982 chama ya vijiji vizuri vya Ufaransa, ile yenye kibao kinaandikwa "Les Plus Beaux Villages de France".

Na kuna Oradour-sur-Glane, basi inatoka Limoges. Hiyo si ya aisikrimu. Tarehe 10 Juni 1944 askari wa SS, wale wa Hitler, waliua watu zaidi ya 640 siku moja, wanawake na watoto ndani ya kanisa, wakachoma kijiji. Serikali iliacha magofu vile vile. Magari yameoza barabarani, cherehani ziko ndani ya nyumba bila paa. Nilienda mara moja. Sirudi, lakini nenda.

KitiChaMbele

Cherehani ndani ya nyumba bila paa. Asante Lushi. Kiswahili chako kiko sawa, wa kujirekebisha ni sisi.

ZuwenaM

Dada mleta uzi, maswali ya kawaida ya sisi wengine. Chakula halali kinapatikana? Na hijabu inakuwaje huko vijijini, wanakuangalia? Kifaransa changu ni "bonjour" na "merci" tu.

BintiChumbageni

Zuwena, hiyo "bonjour" ndiyo nusu ya visa. Sitanii. Ukiingia dukani au kwenye basi ukaanza na swali kabla ya bonjour, hata kama swali ni zuri, wanafunga uso. Ni kama kwetu uingie kwa watu bila hodi. Panda basi, sema "Bonjour Monsieur" au "Bonjour Madame", ndipo utaje unapokwenda. Yule yule aliyekuwa amenuna anakuwa mtu.

Kuangaliwa, utaangaliwa. Mimi navaa kilemba, nimeangaliwa. Kwenye mkahawa mmoja niliambiwa meza zote zimechukuliwa na niliziona tupu kwa macho yangu mawili. Na kituo kile kile bibi wa miaka themanini alinisogezea mkoba akanipa nafasi, tukazungumza magoti yetu mpaka basi likafika. Vyote viwili vimo.

Chakula: nyama halali usiitegemee vijijini. Bata wamejaa kila menyu, hajachinjwa kwako. Mimi nabeba. Soko la Cahors ni Jumatano na Jumamosi asubuhi mbele ya kanisa kuu la Saint-Étienne (lile lenye kuba mbili, kwa mbali utadhani msikiti). Nanunua mkate, vijibini vidogo vya mbuzi vinavyoitwa rocamadour, jozi, na matunda. Hapo siku nzima imekwisha. Na mjue saa zao: mikahawa inapika saa sita mpaka saa nane mchana, ukifika saa nane na robo jiko limeshazimwa. Maduka madogo nayo yanafunga mchana. Kwa hiyo mtu wa miguu asiyebeba mkate wake atalala njaa katikati ya nchi inayosifiwa kwa kula.

TausiWaPwani

Zafarani je? Niliwahi kusoma kuwa Ufaransa wanalima.

BintiChumbageni

Umenigusa. Bonde hili hili! Shuka Cajarc, katikati ya Cahors na Figeac, basi linapita. Eneo lote hilo la Quercy lililima zafarani tangu zama za kati, ikafa, wakulima wakaifufua mwishoni mwa karne iliyopita. Maua yanachumwa vuli, mwezi wa kumi hivi, asubuhi, na kila ua lina nyuzi tatu tu nyekundu za kubandua kwa vidole. Nilinunua kichupa cha gramu moja. Mama muuzaji akaniuliza nitafanyia nini, nikamwambia biriani. Akaniomba nimwandikie. Kwa hiyo jueni iko nyumba moja Cajarc ina biriani ya Tanga ukutani kwa Kifaransa kibovu.

DerevaMstaafu

Turudi kwenye njia. Unasema Cahors, Cahors ina nini mpaka nimwambie binti yangu tushuke?

BintiChumbageni

Ina daraja, mzee. Mto umeuzunguka mji pande tatu kama kanga kiunoni, upande wa nne wakajenga ukuta. Kutoka stesheni unafika Pont Valentré kwa miguu ndani ya dakika kumi. Lilianza kujengwa 1308, likamalizika 1378. Minara mitatu imesimama juu ya maji, na mahujaji wanaokwenda Santiago kule Hispania bado wanapita juu yake na mabegi yao.

Miaka 70 ni mingi, wenyeji wakaitungia sababu. Fundi mkuu aliona kazi haiendi, akaandikiana na shetani: mtii amri zangu zote mpaka daraja liishe, roho yangu yako. Shetani kabeba mawe, kachanganya chokaa, daraja limepanda. Likabaki kidogo, fundi akashtuka. Akamwambia, nenda mtoni uwaletee waashi maji, chombo hiki hapa. Akampa chekeche. Shetani akachota, yakamwagika, akachota, yakamwagika, mkataba ukafa. Kwa hasira kila usiku anapanda mnara wa kati kung'oa jiwe moja la pembeni, daraja lisikamilike milele. Mwaka 1879 msanifu Paul Gout alipolikarabati akaamua kulimaliza suala: akaweka pale jiwe lenye kishetani kilichochongwa, vidole vimenasa kwenye ufa. Mimi nilikitafuta mpaka shingo ikauma, hadi mtoto mwenye begi la shule aliponinyooshea kidole.

KitiChaMbele

Huyo fundi ni Abunuwasi, kabadili jina tu.

ZuwenaM

Na Figeac? Kwenye kichwa cha uzi umeitaja, hatujafika.

BintiChumbageni

Figeac ndiko nilikotaka kufika tangu mwanzo, nyie mnanivuta.

Ni mji wa wafanyabiashara wa zama za kati. Inua macho: juu kabisa ya nyumba nyingi, chini ya paa, ghorofa haina kuta, nguzo tu. Wanaiita soleilho. Walianika humo ngozi, vitambaa, nafaka, upepo upite. Watu wanatembea wakiangalia vioo vya maduka, hawaioni.

Hapo alizaliwa Champollion, 1790, yule aliyetangaza mwaka 1822 kwamba ameyasoma maandishi ya Misri ya kale. Nyumba aliyozaliwa imeingizwa ndani ya makumbusho ya maandishi ya dunia. Nyuma yake kuna ua uliofungwa na nyumba kuu kuu, na sakafu ya ua wote ni mfano wa Jiwe la Rosetta (lile jiwe la kale lenye maneno yale yale kwa maandishi matatu, lililomsaidia kuyasoma), limekuzwa mara nyingi mno. Kazi ya msanii Joseph Kosuth, 1991. Unatembea juu ya herufi: kwanza za Misri, halafu ngazi kidogo, unaingia zile za mkato, halafu Kigiriki. Jiwe ni granite nyeusi, na nilipouliza imetoka wapi nikaambiwa Zimbabwe. Nilivua viatu. Ilikuwa Septemba, jua la saa tisa, jiwe lina joto kama baraza ya nyumbani. Paka alikuwa amelala kwenye Kigiriki.

Kutoka Bouziès wenye nguvu waongeze Cabrerets, saa moja na nusu kwa miguu kufuata kijito cha Célé, halafu mpando mpaka pango la Pech Merle. Vijana wawili waliliingia 1922 wakakuta farasi wenye madoadoa ukutani na viganja vya watu, michoro ya miaka kama 29,000. Wanaingiza watu 700 tu kwa siku, kwa hiyo kata tiketi mapema na beba sweta, ndani ni nyuzi 12 mwaka mzima. Kwa wenye magoti mabovu, usipande Saint-Cirq kwa mtoni. Nenda kijiji cha Rocamadour: ngazi 216 ambazo mahujaji walizipanda kwa magoti, ila siku hizi kuna lifti.

Mutu_ya_Lushi

Alama za njia usisahau, dada. Mistari miwili, mweupe na mwekundu, kwenye mti ao jiwe: endelea. Msalaba wa rangi hizo: rudi, umepotea. Miye nilifikiri msalaba ni kanisa, nikafuata.

ZuwenaM

Nimecheka peke yangu ofisini. Visa nimeanza kushughulikia, euro 90 zimeshanitoka. Niombeeni.

DerevaMstaafu

Wakuu, narudi kwenye uzi huu baada ya miezi. Niko Tour-de-Faure, leo Alhamisi. Binti yangu ameitwa kazini, gari kabaki nalo, nikasema ngoja nimjaribu huyu mtoto wa Tanga. Nimesoma herufi, J ipo. Nimefika kituoni dakika kumi kabla, nimekaa kwenye benchi kiungwana, kofia kichwani. Basi limekuja, limepunguza, dereva kaniangalia, mimi nikamwangalia, kaondoka.

BintiChumbageni

Mzee! Ulipunga mkono?

DerevaMstaafu

Sikupunga. Nilidhani mtu aliyekaa kituoni anajulikana anasubiri nini.

Miaka 31. Sijui nimewaacha wangapi kati ya Shinyanga na Nzega kwa sababu hiyo hiyo.

BintiChumbageni

Pole mzee wangu. Angalia safu inayofuata, lipo lingine mchana? Na uangalie isiwe ile ya likizo.

DerevaMstaafu

Lipo, 12:40 kwa saa zao. Nimevua viatu, niko mtoni, nimenunua tikiti. Kisu sina.